Ramsakhi na Duara la Nukta

Mwezi ule wa mwisho kabla ya mtihani, Ramsakhi Namdev hakuweza hata kukanda unga wa chapati kwa amani. Vidole vilikuwa vinachapa. Akisikia neno lolote, la muuza mboga au la redio ya jirani, vidole vinaanza kulitafuta kwenye unga: herufi hii kwanza, ile baadaye. Na kila vilipofika kwenye ile kulabu ndogo ya sauti ya i, vilisita. Kusita huko ndiko kulikomkosesha raha, maana mtihani wa taipu haumsubiri anayesita.

Alikuwa amefika ukingoni mwa umri. Serikali ya jimbo imeweka umri wa mwisho, na ukishauvuka, hata uchape kama mvua ya masika, kazi ya ukarani huipati ng'o. Ramsakhi alibakiwa na mtihani huu mmoja tu, wa makarani wa mahakama ya wilaya. Miaka yote alikuwa akichapa katika chuo cha baba mkwe wake bila malipo, kwa sababu mkaza mwana halipwi kwa kazi ya nyumbani kwake, na huko Patharkheri chuo kilihesabiwa kuwa nyumbani. Kazi ya mahakamani ingekuwa kitu cha kwanza kuitwa chake. Aliitaka kwa uchu, wala hakuona haya kuitaka.

Baba mkwe mwenyewe ni Mzee Gorelal. Chuo chake kiko ghorofani, juu ya duka la mbolea, na kwa muda mrefu hakuna aliyepata ukarani katika tarafa nzima bila kupanda ngazi zile. Gorelal naye hakuwa mtu wa kuacha jambo hilo lipite bila kulitaja. Taipureta zilipozeeka alinunua kompyuta, lakini akatia ndani yake herufi za mtindo wa kale, zilizopangwa kwenye vibonyezo sawasawa na taipureta, ili asibadilishe hata somo moja. Kwa maelezo yake mwenyewe, hajawahi kukosea katika maandishi tangu aote ndevu. Hilo huenda lilikuwa kweli. Akisimama mlangoni aliweza kuona nukta iliyokosekana kwenye karatasi iliyo mkononi mwa mwanafunzi wa safu ya mwisho, na angeitaja mbele ya wote.

Jambo moja lazima lisemwe hapa, la sivyo mengine hayataeleweka. Tangu aingie nyumba ile akiwa bibi harusi, Ramsakhi hakuwahi kumsemesha Gorelal uso kwa uso. Ndiyo adabu ya kwetu: mkaza mwana huvuta ncha ya sari kufunika uso mbele ya baba mkwe, na maneno hupitia kwa mama mkwe. Mama mkwe alipofariki, daraja likavunjika, na hao wawili, waliofundisha katika chumba kimoja kutwa nzima, wakawa wanasema na vitu. Ramsakhi angeiambia printa kwamba wino umekwisha. Gorelal angelijibu dirisha kwamba wino upo kabatini. Wanafunzi walizoea, na wale watundu walikuwa wakilisalimia dirisha kabla ya kukaa.

Sasa, yaliyompata Ramsakhi yalianza baada ya Diwali, sikukuu ya taa, siku alipopeleka mahakamani ombi la mjane mmoja aliyenyang'anywa shamba. Alikuwa amelichapa chuoni na kulitia kwenye fleshi, kwa kuwa mahakama ilikuwa imeanza kupokea maombi kwa njia hiyo. Karani wa dirishani, Nirupma, mwanamke wa rika lake, akaifungua fleshi kwenye kompyuta yake, akakunja uso, akamgeuzia skrini aone. Hapakuwa na neno hata moja la Kihindi. Palikuwa na herufi za Kizungu zilizorundikana ovyo, alama za kuuliza, nusu ya mabano, utadhani paka alitembea juu ya kibodi.

"Umechapa kwa herufi ya kale," Nirupma alisema. "Huku hatunayo tena. Tumeifuta yote."

Ramsakhi alihisi uso ukimwaka. Akasema ombi alilipitia lote, lilikuwa safi, halina kosa. Nirupma akamvuta pembeni akamweleza, kwa sauti ya chini kama mtu anayesema habari za ugonjwa. Ile herufi ya kale, alisema, si ya Kihindi hata kidogo. Ndani ya kompyuta ni herufi za Kizungu zilizovalishwa nguo za Kihindi. Ukiwa na kabati la nguo hizo, unaona Kihindi. Ukienda kwenye kompyuta isiyo na kabati hilo, nguo zinavuka na Uzungu unabaki uchi. Katika mtindo mpya kila herufi yetu imepewa namba yake, namba ambayo ni hiyohiyo Patharkheri, Delhi na Ulaya, na hakuna herufi nyingine duniani inayoitumia. Kompyuta yoyote ikiiona namba ile inajua ni herufi gani.

"Haya, na kuchapa kwake?" Ramsakhi aliuliza.

Hapo ndipo balaa lilipokaa. Chukua neno kitab, ambalo hata Waswahili wanalo. Kwa kalamu, sisi huandika kwanza kulabu ya i, kisha ndipo tunaweka herufi ka nyuma yake, ingawa mdomo unatamka k kabla ya i. Taipureta ilifuata kalamu, na herufi za kale zikafuata taipureta: kulabu kwanza, ka baadaye. Mtindo mpya unafuata mdomo. Unaipa mashine ka kwanza, kisha i, nayo inazihifadhi kwa mpangilio huohuo. Kuibeba kulabu na kuipeleka mbele ili jicho lisishangae ni kazi ya mashine yenyewe. Na ukijisahau ukaigonga kulabu kwanza mwanzoni mwa neno, mashine inakuchorea duara dogo la nukta, tupu, kama kiti kilichowekewa mgeni ambaye hakutokea. Nirupma aligonga moja amwonyeshe. Ramsakhi aliliangalia duara lile akaona vidole vyake vyote kumi vikimcheka.

Kisha Nirupma akasema neno ambalo afadhali asingelisema. Mtihani ujao, watahiniwa wataruhusiwa kuchagua, kale au mpya, ili watu wasipige kelele. Lakini watakaofaulu kwa mtindo wa kale hawataitwa. Wataandikwa kwenye orodha ya akiba, na orodha ya akiba katika mahakama ile ilikuwa haijawahi kumwita mtu. "Sikukwambia mimi," alisema. "Ukinitaja nitakukana mchana kweupe."

Ramsakhi alirudi chuoni akaikuta safu ya wanafunzi wakigonga kwa mdundo mmoja, kulabu kwanza, kulabu kwanza. Mbele kabisa alikaa Tulsa, binti wa mkulima kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, aliyekuja kwa baiskeli na kuondoka wa mwisho. Huyu Tulsa alikuwa na kasi iliyomtisha hata mwalimu wake. Wote wale walikuwa wakijiandaa kwa mtihani uleule.

Angewaambia nini? Akisema mtindo wa kale hauna kazi, chuo kingekuwa tupu kabla ya wiki kwisha, na chuo ndicho kilichoilisha nyumba. Asingeweza kumwambia Gorelal, kwa kuwa hilo si neno la kuliambia dirisha. Na kulikuwa na sababu ya tatu, ambayo Ramsakhi aliificha hata nafsi yake mwenyewe. Nafasi zilikuwa chache. Kila aliyebaki kwenye mtindo wa kale alikuwa mtu mmoja pungufu wa kushindana naye. Akanyamaza, akavuta ncha ya sari, akaendelea kufundisha.

Alijifunza kwa wizi. Mumewe, Halke, baba wa mtoto wao Bitti, ni fundi cherehani, na nyuma ya kibanda chake kuna pembe ya kukatia vitambaa. Ramsakhi alipata kibodi kilichokufa, kisichounganishwa na kitu, akakichora herufi za mpangilio mpya kwa chaki ya fundi, na kila alasiri akakaa pale akigonga chini ya kipande cha kitambaa ili wateja wasione. Mara moja moja Nirupma alimruhusu kujaribu kwenye kompyuta halisi saa ya chakula. Asubuhi alifundisha kulabu kwanza. Alasiri alijifundisha kulabu baadaye. Mikono miwili ile ikawa uwanja wa vita. Siku moja akiwa mbele ya darasa alichapa kwa mtindo mpya kwenye mashine ya kale, na Gorelal akaliambia dirisha kwamba kuna watu humu ndani wamelala.

Muda wa kujaza fomu ulipofika, Gorelal ndiye aliyekwenda duka la intaneti, kama alivyofanya kwa kila mtu wa nyumba yake na kila mwanafunzi wake. Ramsakhi alimsihi mumewe usiku na mchana amwambie babaye achague mtindo mpya.

"Mara ile nilipomgusia habari ya herufi mpya, unajua aliniambiaje?" Halke alisema, sindano mdomoni. "Eti, tangu lini fundi suruali akafundisha taipu? Mbele ya wateja, Mama Bitti."

"Mwambie hivyohivyo. Akutukane, lakini asikie."

"Nitamwambia."

Jioni alimwuliza kama amemwambia. Halke akasema amemwambia, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akilishona. Ramsakhi alimfahamu mumewe vya kutosha. Aliliona pindo lile linashonwa kwa bidii isiyo ya kawaida, na hata hivyo akaamua kuamini, kwa sababu kuamini kulikuwa kwepesi zaidi.

Mtihani ulifanyika katika chuo kimoja kwenye makao ya mkoa, siku chache kabla ya Holi, sikukuu ya rangi. Halke alikuwa na nguo za harusi za watu za kushona, kwa hiyo Gorelal ndiye aliyemsindikiza, pamoja na kundi la wanafunzi wake waliojaza nusu ya behewa. Mzee alikuwa na furaha ya jogoo. Alibeba puri, vile vichapati vya kukaanga, na viazi ndani ya kitambaa, akawagawia wanafunzi, na akaliambia dirisha la treni kwamba aliye na tumbo tupu vidole vyake hutetemeka, na akaliuliza sahani ile ya pembeni ni ya nani, mbona haijaliwa. Ramsakhi akala.

Langoni walibandika majina. Ukumbi wa kwanza, mtindo mpya. Ukumbi wa pili, mtindo wa kale. Ramsakhi aliisoma orodha ya kwanza mara mbili, kidole kikipita juu ya kila jina, na jina lake halikuwemo. Lilikuwa kwenye ya pili, baada ya Ramkali na Rampyari, limeandikwa vizuri bila kosa.

Miezi yote ile alikuwa akiing'oa kulabu mahali pake, na sasa akirudishwa kwenye mtindo wa kale asingeweza tena kuichapa kwa mpangilio wake wa zamani. Na hata angeweza, mbele kulikuwa na orodha ya akiba. Alimkimbilia msimamizi, mtu mfupi mwenye miwani na simu mbili, akamweleza kwa maneno yaliyopandana. Msimamizi alisikiliza huku akiangalia saa. Kubadilisha ukumbi kunawezekana, alisema, lakini si kwa maneno ya mtahiniwa, maana hapo kila mtu angebadilisha. Aliyejaza fomu ndiye aandike kwa mkono wake kwamba alikosea, atie sahihi, na karatasi hiyo ibandikwe mlangoni mbele ya wote ili baadaye pasiwe na malalamiko ya upendeleo. Na kengele ya kwanza ilikuwa inakaribia kupigwa.

Gorelal alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji upande wa pili wa ua, anakunja kitambaa chake cha puri. Ramsakhi alivuka ua. Walinzi wa langoni walikuwa wamekwisha kumwamuru afunue uso kwa ajili ya ukaguzi, na hakuirudisha ncha ya sari.

"Baba."

Gorelal aligeuka kuangalia nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.

"Baba, nasema na wewe. Nimewekwa ukumbi wa kale. Mimi nimejiandaa kwa mtindo mpya."

Mzee aliangalia ukuta. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu. "Aambiwe aende ukumbini," aliuambia ukuta. "Muda unakwisha."

"Hakuna wa kuniambia, Baba. Hapa tuko mimi na wewe." Akamsogelea hatua moja. "Ulichagua kale. Nimeona jina langu."

"Niliulizwa dukani, nikasema nyumba hii ina mtindo mmoja." Sasa alikuwa akimtazama, na huenda ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake. "Nilikuchagulia unachokijua kuliko mtu yeyote. Nilifikiri nakufanyia wema."

"Najua, Baba."

"Tangu lini umejifunza huo mwingine?"

"Tangu Diwali. Kwenye kibanda cha Baba Bitti."

"Na asubuhi unafundisha wa kale kwangu."

"Ndiyo."

"Una sababu gani?"

Akamwambia yote: ombi la mjane, fleshi, orodha ya akiba isiyomwita mtu. Alimwambia kwa haraka na bila kupamba, na aliona kila neno linavyompiga. Hiki kilikuwa chuo chake, na maisha yake yote, na kinaelezwa kwisha kwake na mwanamke ambaye hata sura yake alikuwa haijui vizuri. Alipomaliza, Gorelal hakuuliza kama ni kweli. Alielekeza kidevu kwenye msururu wa ukumbi wa pili, walikosimama wanafunzi wake, Tulsa mbele.

"Na watoto wangu hawa, wanajua?"

Ramsakhi akautazama msururu.

"Wanajua?"

"Hawajui."

Kengele ya kwanza ilipigwa. Kwa kitambo Ramsakhi alidhani mzee atakaa palepale mpaka milango ifungwe, na moyoni alijua angekuwa na haki. Kisha Gorelal akainuka, akaenda kwenye meza ya msimamizi, akaomba karatasi. Aliandika kwa mwandiko ule wake mzuri, bila kukimbia hata sasa. Aliandika kwamba yeye Gorelal Namdev, mwalimu wa taipu wa Patharkheri, macho yake yamechakaa kwa uzee, kwamba alibonyeza mahali pasipotakiwa, na kwamba kosa ni lake peke yake. Mtu aliyeona nukta kutoka mlangoni. Akatia sahihi na kuongeza tarehe.

Msimamizi akaibandika karatasi mlangoni. Wanafunzi walisogea kuisoma, kwanza wakicheka, wakidhani ni ya mtu mwingine, kisha wakaona jina. Kijana mmoja alisema kwa sauti kwamba sasa dirisha litakosa wa kusema nalo, Mzee kapofuka. Hakuna aliyecheka naye. Tulsa hakuangalia karatasi. Alimwangalia Ramsakhi, aliyekuwa ameshashika njia ya ukumbi wa kwanza.

"Mwalimu, ukumbi wetu ni huu."

"Mimi nimebadilishiwa."

"Kwa nini?"

Ramsakhi alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Angeweza kusema, Tulsa, nenda kwa Mzee, mwambie naye akuandikie karatasi, yeye ndiye aliyejaza na fomu yako. Pengine Tulsa asingeweza kuchapa kwa mtindo asiojifunza, pengine isingesaidia kitu. Lakini neno hilo halikusemwa. Kengele ya pili ilipigwa, na Ramsakhi akaingia.

Kwenye kibodi alichopewa, kibonyezo cha kufutia kilikuwa kimeng'olewa, limebaki pengo kama la jino. Kila utakachogonga kitabaki. Maandishi ya kunakili yalihusu mfereji wa umwagiliaji, na sentensi ya kwanza ilianza na vikas, maendeleo, neno ambalo serikali haiwezi kumaliza aya bila kulitia. Ramsakhi aligonga kulabu. Papo hapo, mwanzoni kabisa mwa ukurasa mweupe, likatokea duara la nukta.

Kulia na kushoto vibodi vilikuwa vinamiminika, na yeye ana duara moja. Akaziba masikio ya moyo wake akaanza upya, safari hii akilitamka kila neno ndani ya midomo iliyofungwa kama mtoto anayejifunza kusoma: va, kisha i. Ka, kisha i. Mdomo kwanza, kalamu baadaye. Msimamizi wa kike alipita akamgusa bega, kwamba asinong'one. Akaendelea kwa ulimi tu. Mfereji ukafika kijiji cha kwanza, ukafika cha pili. Herufi zilizounganika, ambazo mtindo wa kale una kibonyezo cha nusu kwa kila moja, alizifunga kwa ile alama ndogo ya kukata sauti, na mashine ikazishika na kuziunganisha yenyewe, nzuri, safi. Akapata mwendo. Halafu, katikati ya mwendo, akamwona akilini Tulsa akisema ukumbi wetu ni huu, na duara la pili likatokea. Kisha la tatu. Alipoambiwa aache, mikono yake ilikuwa imelowa jasho hadi viwiko, na hakujua kama maduara yale ni mengi kupita kiasi au la.

Tuseme mapema ili roho zitulie: alifaulu. Hakuwa wa kwanza, alikuwa karibu na mwisho wa orodha, lakini aliitwa, na ukienda leo mahakama ya wilaya utamkuta kwenye dirisha la kupokelea maombi, akichapa uso wazi. Aliyekuwa wa kwanza katika ukumbi wa pili, kwa kasi ambayo wasimamizi walisema hawajapata kuiona, ni Tulsa. Jina lake liko kwenye orodha ya akiba mpaka hivi sasa.

Lakini matokeo yalikuja baadaye. Jioni ya siku ile ya mtihani, kwenye jukwaa la stesheni, wanafunzi walikuwa wamekaa mbali, wakijadili mfereji wa kwenye mtihani. Gorelal alisimama karibu na Ramsakhi. Hakutafuta dirisha.

"Kesho asubuhi utawaambia," alisema. "Yale uliyoniambia mimi. Mimi yangu nimeyaandika na kuyatia sahihi, yakabandikwa mlangoni. Yako utayasema mwenyewe."

"Chuo kitakufa, Baba."

"Kitakufa. Utawaambia."

Akawaambia. Alisimama mbele yao asubuhi, ncha ya sari mabegani, Gorelal kwenye kiti chake cha pembeni, na alisema kila kitu: fleshi, namba za herufi, orodha ya akiba, na kwamba alijua tangu Diwali. Hakumtaja Nirupma. Alipofika kwenye neno nilijua, alilirudia, kwa sababu la kwanza lilitoka kama pumzi. Kulikuwa na zogo. Mmoja alidai arudishiwe ada, mwingine alisema atamleta kaka yake. Ramsakhi aliwasikiliza. Alisema atawafundisha mtindo mpya yeye mwenyewe, bure, kila jioni, na kwamba mtihani mwingine utakuja mwaka kesho.

Tulsa alikuwa bado amekaa mbele ya mashine yake. Alikuwa ameifunika kwa kile kifuniko chake cha plastiki, ameukunja mfuko wake.

"Mimi sina mwaka kesho, Mwalimu," alisema, taratibu, bila hasira. "Baba alinipa mtihani mmoja. Ikishindikana, harusi mwezi wa Baisakh huu unaokuja. Upande wa mchumba umeshapewa neno."

Ramsakhi alitaka kusema ataongea na babaye, atakwenda mwenyewe kijijini, na pengine angekwenda kweli. Tulsa alikuwa ameshainuka. Alimwendea Gorelal pale kwenye kiti, akainama, akagusa miguu yake kwa mikono miwili na kuipeleka mikono hiyo kwenye paji lake la uso, kama mwanafunzi anavyomuaga mwalimu wake, na mzee akaweka kiganja kichwani pake akakiacha hapo kwa muda. Kisha Tulsa akapita mbele ya Ramsakhi bila kuinama, akashuka ngazi, na kule chini wakasikia baiskeli ikitolewa ukutani.